Chungu, Mvivu na Mtu Aliyekosa Kazi

Masomo: Mithali 6:6-11, 1 Samweli 30:9-25, Mathayo 20:1-16, 2 Wathesalonike 3:10

Wiki hii sikuletei mahubiri mapya. Nataka nirudi kwa mahubiri niliyoyahubiri mimi mwenyewe, kwa sababu nadhani kuna mahali nilikosea, na kosa lililofanywa madhabahuni halifai kurekebishwa kimyakimya ofisini.

Ilikuwa Jumapili ya pili ya Januari. Unajua vile Januari huwa hapa kwetu Kianda: karo, kodi ya nyumba, na mfuko umetoboka. Nilisimama na Mithali 6, pale ambapo Sulemani anamtuma mtu mvivu akajifunze kwa chungu. Nilihubiri kwa moto. Nikasema umaskini mwingi hapa mtaani ni wa kujitakia. Nikasema vijana wanaokaa maskani kando ya reli toka asubuhi mpaka jioni, wangekuwa chungu, wenzao wangewafukuza shimoni. Watu walipiga makofi. Mzee mmoja alinishika mkono mlangoni akaniambia, "Pasta, leo umewapata."

Kati ya hao niliowapata alikuwa kijana wa ushirika wetu. Sitamtaja jina. Alikuwa anafanya kazi ya mjengo, akaanguka kutoka kwa ngazi, mkono wake wa kulia ukavunjika vibaya na haukuunga sawasawa. Kubeba karai la zege hawezi tena. Siku hiyo alikuwa amekaa benchi ya nyuma. Jumapili iliyofuata hakuja, na ile nyingine pia. Mwezi wa tatu nikampata mamake akikaanga samaki kando ya njia ya kwenda Olympic. Nikamwuliza, "Mama, kijana wetu yuko wapi siku hizi?" Aligeuza samaki kwanza. Halafu akanijibu bila hasira: "Pasta, ulimwambia aende kwa chungu. Ameenda. Bado hajapata kazi."

Sikuwa na jibu. Nilinunua samaki, nikaenda.

Na kuna lingine. Wengi wenu mnajua kwamba nilisomea biashara chuoni, na ndiyo sababu wazee walinipa kazi ya kupanga mfuko wetu wa ustawi. Nikaweka kanuni: shilingi 50 kila Jumapili, na asiyechanga miezi sita mfululizo hapewi msaada. Kwenye laptopu nikatengeneza jedwali. Aliyelipa, kijani. Aliyekosa, nyekundu. Mfuko ulikua, kelele ikapungua, na nikasifiwa. Baada ya kuongea na mama yule nilirudi ofisini nikafungua jedwali. Kijana alikuwa ameomba msaada mwezi wa pili, kamati ikamkataa, na sahihi ilikuwa yangu. Mstari wake ulikuwa mwekundu kuanzia Septemba. Septemba ndipo alipoanguka. Yaani alikosa kuchanga kwa sababu ya shida ileile ambayo mfuko uliwekwa kuisaidia.

Kwa hiyo nikaamua kumsoma chungu. Nikajiambia, kama nitamtumia tena kuwapiga watu, angalau nimjue.

CHUNGU WA SULEMANI YUKO HAPA KENYA

Chungu ambaye Sulemani alimwona akiweka akiba wakati wa mavuno si hadithi tu. Katika nchi ya Israeli wako chungu wavunaji, ambao wataalamu huwaita Messor. Hukusanya punje za nafaka na mbegu za majani, huzibeba mpaka shimoni, na kuzihifadhi kwenye vyumba vya akiba. Sasa sikia hili: ndugu zao wako hapa kwetu. Mmoja anaitwa Messor cephalotes, ni mkubwa na mwekundu, na mwaka 2025 alitokea kwenye habari za dunia nzima.

Pengine unakumbuka. Mwezi wa nne mwaka huo, vijana wawili kutoka Ubelgiji walikamatwa Naivasha wakiwa na malkia wa chungu karibu 5,000, wamefungiwa ndani ya vichupa vyenye pamba. Mtu wa Vietnam na Mkenya mmoja walishtakiwa pia kwa kesi inayofanana na hiyo. Mei 7 mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwahukumu wote wanne: faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au miezi 12 gerezani. Ikajulikana kwamba Ulaya kuna watu wanaofuga chungu nyumbani kwa kujifurahisha, na malkia mmoja wa aina hiyo anaweza kuuzwa zaidi ya paundi 100. Hiyo ni kodi ya miezi kadhaa hapa Kianda, kwa mdudu mmoja.

Mtu wa biashara ndani yangu alianza kupiga hesabu mara moja. Lakini fikiria malkia huyo ni nani. Mvua ikinyesha, malkia wachanga huruka na kukutana na madume hewani. Kisha malkia hushuka chini, hujivua mabawa, huchimba shimo na kujifungia humo peke yake. Wafanyakazi wake wa kwanza huwalea kwa akiba ya mwili wake mwenyewe, hata nyama iliyokuwa ikirusha mabawa hugeuka kuwa chakula cha watoto. Kwa hiyo kila kichupa kilikuwa na mji mzima ambao haujajengwa. Ndani ya kichupa ana bei, lakini kazi aliyoumbiwa hawezi kuifanya humo.

Hapo ndipo niliposimama kidogo. Jedwali langu lilikuwa limefanya jambo kama hilo. Lilimchukua mtu mmoja, likamweka peke yake kwenye kisanduku, likasoma kile kilichoandikwa nje.

HANA MSIMAMIZI

Sulemani anataja jambo ambalo sisi wahubiri huwa tunalipita haraka: chungu hana mkubwa wala msimamizi wala mtawala, na bado kazi inafanyika. Sisi husema "malkia," tukidhani anaketi mahali akitoa amri. Haamuru mtu. Kazi yake ni kutaga mayai.

Mama mmoja mtaalamu wa Marekani, Deborah Gordon, amewachunguza chungu wavunaji wa jangwa la Arizona tangu miaka ya 1980. Aligundua kwamba chungu anayengoja ndani ya shimo hatoki kwa kusukumwa. Wenzake wakirudi na mbegu, yeye huwagusa kwa vipapasio vyake na kunusa. Wakirudi wengi na kwa haraka, anajua nje kuna chakula, naye anatoka. Wakirudi wachache, anabaki, kwa sababu kutoka bure katika jua lile ni kupoteza maji ya mwili.

Sasa nisaidie, mpendwa. Chungu anayebaki shimoni siku ambayo wenzake hawarudi na kitu, je, ni mvivu? Na yule kijana wa maskani, ambaye ametembea kwa miguu mpaka Industrial Area kila alfajiri wiki nzima, akaona wenzake wanarudi mikono mitupu, siku ya sita akabaki, je, huyo ni mvivu? Mimi nilimwita mvivu kwa maikrofoni.

WALE WANAOKAA TU

Kuna utafiti mwingine ambao ulinishangaza zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Arizona, wataalamu wawili, Daniel Charbonneau na Anna Dornhaus, waliwapaka chungu wadogo alama za rangi ili wamjue kila mmoja, halafu wakawatazama. Waliona kwamba karibu asilimia 40 ya wafanyakazi walikuwa wamekaa tu muda mwingi. Ndiyo, chungu! Yule tunayemtumia kuwaaibisha watu.

Mwaka 2017 walichapisha kilichotokea walipowaondoa asilimia 20 ya wale wachapakazi zaidi. Kumbe baadhi ya waliokuwa wamekaa waliinuka wakashika kazi, na baada ya muda mfupi utendaji ukarudi kama zamani. Lakini walipowaondoa wale waliokaa, hakuna aliyechukua nafasi yao ya kukaa. Kwa maneno mengine, baadhi ya hao waliokaa ni akiba. Wanangoja siku ambayo watahitajika.

Sisemi kwamba kila anayekaa maskani anangoja kwa busara. Ninasema kwamba kwa macho tu huwezi kujua. Na mimi nilikuwa nimehukumu kwa macho tu, tena kutoka juu ya jukwaa.

Bwana wetu alilijua jambo hili kabla ya utafiti wowote. Katika Mathayo 20 mwenye shamba la mizabibu anatoka saa kumi na moja jioni, anawakuta watu wamesimama sokoni. Anawauliza kwa nini wamekaa bila kazi siku nzima. Wanamjibu kwamba hakuna mtu aliyewaajiri. Ona kwamba aliuliza kwanza. Halafu hakuwapa mahubiri, aliwapa kazi, na jioni akawapa mshahara wa siku nzima, kwa maana tumbo la mtu aliyekosa kazi linakula sawa na la aliyeipata.

Mtume Paulo naye tumemsingizia. Katika 2 Wathesalonike 3:10 anazungumza juu ya mtu asiyetaka kufanya kazi. Asiyetaka. Hakusema asiyeweza, wala asiyepata. Hapo katikati ya maneno hayo matatu ndipo wengi wa majirani zetu wanaishi.

MAHALI CHUNGU ANAPOISHIA

Nikaendelea kusoma nikitafuta jinsi chungu wanavyomtendea mgonjwa, maana hilo ndilo lililokuwa likinisumbua. Wako chungu weusi wakubwa wa Afrika, kwa jina la kitaalamu Megaponera analis, ambao huenda kwa kikosi kuwinda mchwa. Mchwa nao wana askari wenye meno makali, kwa hiyo kila vita ina majeruhi. Mtaalamu mmoja Mjerumani, Erik Frank, aliwachunguza kule Ivory Coast, katika mbuga ya Comoé, na mwaka 2017 akaandika kwamba aliyeumia hutoa harufu ya kuomba msaada, na wenzake humbeba mpaka nyumbani. Mwaka uliofuata akaonyesha kwamba huko nyumbani humlamba kidonda. Wakizuiwa wasimtibu, karibu asilimia 80 ya majeruhi hufa ndani ya siku moja. Wakitibiwa, wanaokufa ni kama asilimia 10. Wengi wa waliopoteza mguu mmoja au miwili hupona na kurudi vitani.

Niliposoma hayo nilitaka kupaza sauti ya haleluya. Nikaona mahubiri mapya yameiva: kanisa liwe kama chungu hawa! Lakini soma mpaka mwisho. Chungu aliyekatwa miguu mitano kati ya sita habebwi. Mwenye jeraha dogo hukunja miguu na kutulia ili abebeke vizuri. Huyu aliyeumia sana hujipinduapindua tu, hatulii, na wenzake humwacha hapohapo njiani.

Nyuki nao ni vivyo hivyo. Dume la nyuki halikusanyi asali na halina mwiba. Maua yakiwa mengi linalishwa. Chakula kikipungua, wafanyakazi hulisukuma nje ya mzinga, na huko nje linakufa. Mtu wa hesabu hawezi kuwalaumu. Mdomo usioleta kitu wakati wa njaa ni hasara.

Hapo nilielewa kosa langu lilikuwa wapi. Nilipoandika ile kanuni ya miezi sita sikuwa na roho mbaya. Nilikuwa ninafikiri kama mzinga. Msaada wa chungu na nyuki, hata uwe mzuri namna gani, unapima: huyu atarudi kazini au hatarudi? Anayeweza kukunja miguu anabebwa. Aliyeumia zaidi ndiye anayeachwa, na ndiye pia asiyejua kusaidiwa. Hajazi fomu. Hachangi. Anaacha kuja kanisani. Simu hashiki. Sisi tunasema, "Huyo amejitenga mwenyewe."

Sulemani alitutuma kwa chungu tukapate hekima ya kazi, na hekima hiyo ipo: fanya kazi bila kusukumwa, weka akiba wakati wa mavuno. Hakututuma huko tukapate upendo. Upendo tumefundishwa na yule aliyewaacha kondoo tisini na tisa akaenda kumtafuta mmoja, hesabu ambayo hakuna mwalimu wangu wa biashara angeipitisha.

NA WALE WAVIVU KWELI JE?

Najua swali lako, kwa sababu hata mimi ninalo. Pasta, wavivu si wapo? Wapo. Mtu mwenye afya, anayeitwa kazini na kukataa, anayemwachia mkewe mzigo wote kisha jioni anadai chakula, huyo Mithali 6 ni yake, na nitamsomea tena bila kuogopa. Na mfuko ukipewa kila mtu si utaisha? Unaweza kuisha. Yule mama anayeuza mboga, anayetoa 50 yake kila Jumapili hata siku aliyouza vibaya, ana haki ya kuuliza pesa zake zinaenda wapi. Hiyo siichukulii kuwa roho ya uchoyo. Ni swali la haki.

Jibu langu nimelipata kwa Daudi, 1 Samweli 30. Alitoka na watu 600 kuwafuata Waamaleki. Walipofika kijito cha Besori, 200 walikuwa wamechoka hata hawakuweza kuvuka, wakabaki na mizigo. Wale 400 waliporudi na nyara, baadhi yao wakasema waliobaki wasipewe kitu. Daudi akakataa. Akaweka sheria kwamba aliyeshuka vitani na aliyebaki na mizigo wagawane sawa, kwa sababu ushindi ulitoka kwa Bwana. Ona kwamba wale 200 hawakuwa wamekataa safari. Walitembea mpaka nguvu zikaisha. Kijana wetu naye alichanga mpaka siku aliyoanguka.

Kwa hiyo nimewaandikia wazee wa kanisa mambo mawili. La kwanza, anayeacha kuchanga kwa sababu ya ugonjwa, ajali, msiba au kufutwa kazi, miezi yake isihesabiwe kuwa deni. La pili, kabla ya ombi lolote kukataliwa, watu wawili waende nyumbani kwa mwombaji, wakae, waulize kama mwenye shamba alivyouliza. Tukifanya hivyo, mvivu atajulikana, kwa maana ni vigumu kumdanganya mgeni aliyekaa kwako akanywa chai. Na aliyeumia naye atajulikana. Wazee watatoa uamuzi wao. Inawezekana mwaka huu mfuko usikue kama mwaka jana. Nimewaambia hilo pia, sikulificha.

Nimekwenda nyumbani kwa yule kijana mara mbili. Mara ya kwanza hakufungua mlango. Mara ya pili alifungua, nikamwomba msamaha, akasema, "Sawa, Pasta." Hajarudi kanisani, na sitakudanganya kwamba kila kitu kimekaa sawa. Nitakwenda mara ya tatu. Wewe pia, kama unamjua mtu niliyemuumiza siku ile ya Januari, mpelekee gazeti hili, na umwambie Pasta anamtafuta.

Kesho alfajiri ukitembea kando ya reli utaona mstari wa watu wetu wakienda kutafuta kazi, kimya, mmoja nyuma ya mwingine, giza halijaisha. Hawa hawahitaji kutumwa kwa chungu. Wabariki. Na jioni ukiwaona waliokaa, uliza kwanza.

TUOMBE

Baba, tusamehe pale tulipomwita mvivu mtu uliyemwona amechoka. Wape kazi wanaoitafuta. Mwenye afya anayekataa kazi, mwamshe. Aliyeumia hata hawezi kuita, utupe miguu ya kumfikia. Katika jina la Yesu, amina.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Taja tofauti kati ya asiyetaka kazi, asiyeweza kazi na asiyepata kazi. Wewe uliwahi kuwa yupi?

2. Je, ni haki mfuko wa kanisa umsaidie mtu ambaye hakuwahi kuchanga kabisa? Toeni sababu kutoka kwa Maandiko, si kwa mazoea.

3. Ni nani katika ushirika wenu ambaye hajaonekana mwezi huu? Nani atakwenda kwake kabla ya Jumapili?